Kuunganisha Kicheza Muziki cha Mfukoni na Stirio Kubwa ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Ukichomeka waya mwembamba kutoka tundu la hedifoni la kicheza muziki chako hadi kwenye amplifaya kubwa, muziki utalia. Ndiyo maana wengi huishia hapo. Siku chache baadaye unaanza kushangaa: spika ulizojinyima mpaka ukazipata zinaimba kama redio ya jikoni, besi haina mwili, mwimbaji amesogea nyuma, na ukipandisha sauti kidogo tu inakwaruza. Lawama inaangukia simu, au faili za nyimbo. Mara nyingi hakuna mwenye kosa kati ya hivyo viwili. Muziki umetolewa kwa mlango usio wake.

Maelezo haya yanafaa kwa kicheza chochote cha mfukoni: simu, iPod ya zamani, au kile kidude kinachocheza muziki tu na kadi yake ya kumbukumbu. Andaa tochi ya kumulika nyuma ya amplifaya. Usinunue waya wowote kabla hujafika hatua ya tatu.

Kwanza elewa kazi tatu

Ndani ya kicheza kuna kazi tatu zinazofuatana. Ya kwanza ni kusoma faili na kuifungua iwe mfululizo wa namba. Ya pili ni kuzigeuza namba hizo ziwe umeme unaopanda na kushuka kama wimbi la sauti. Chombo kinachofanya kazi hiyo mafundi hukiita DAC, nami nitakiita hivyo hivyo. Ya tatu ni ya kiamplifaya kidogo kinachoupa umeme huo nguvu ya kutikisa hedifoni.

Sasa, stirio yako tayari ina amplifaya. Ukitumia tundu la hedifoni unapanga amplifaya mbili moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa na kipimo chake cha sauti, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Ile ndogo huongeza mchakacho wake kidogo na mkwaruzo wake kidogo, kisha ile kubwa inavikuza vyote pamoja na muziki, bila kubagua.

Kwa hiyo swali lote la kazi hii ni moja: je, unaweza kuuchukua muziki kabla haujapita kwenye ile amplifaya ndogo? Na kama stirio yako ina DAC nzuri, je, unaweza kuuchukua mapema zaidi, ukiwa bado namba? Majibu yako kwenye matundu ya vifaa vyako.

Hatua ya 1: Soma mgongo wa amplifaya

Utaona safu za matundu ya duara, jozi jozi, jekundu na jeupe (au jeusi). Hayo ni ya RCA. Jekundu ni upande wa kulia, jingine ni wa kushoto. Juu ya kila jozi kuna maandishi, na hapo ndipo watu hukosea.

AUX, CD, TUNER, LINE IN na TAPE IN (pengine imeandikwa TAPE PLAY) ni ndugu wa tumbo moja. Majina yanatofautiana ili wewe usichanganyikiwe, lakini kwa umeme yanapokea kitu kile kile. Kama AUX imeshachukuliwa na televisheni, chomeka kwenye CD au TUNER bila wasiwasi wowote.

PHONO si ndugu yao. Hilo ni tundu la sindano ya sahani za santuri. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa takriban milivolti 5, kwa hiyo tundu hilo hukuza umeme kama mara 100 kabla ya kuupeleka mbele. Isitoshe, sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimepandishwa, na saketi ya PHONO inafanya kinyume chake ili kurudisha usawa. Kicheza chako kinatoa volti nzima au karibu yake. Ukikichomeka hapo utapata ngurumo iliyopasuka, besi inayofukia kila kitu, na pengine spika zilizoumia.

TAPE OUT au REC OUT ni mlango wa kutokea. Ukichomeka hapo hutasikia kitu, na wengi huhitimisha kwamba waya ni mbovu.

Mlango ninaouogopa kuliko PHONO ni MAIN IN, au POWER AMP IN. Baadhi ya amplifaya za hali ya juu zinao. Umeme unaoingia hapo haupiti kwenye kipimo cha sauti cha amplifaya. Unakwenda moja kwa moja kwenye nguvu yote. Wimbo wa kwanza unaweza kuwa wa mwisho kwa spika zako. Achana nao.

Amplifaya za zamani za Ulaya zinaweza kuwa na tundu la duara la DIN lenye pini 5 badala ya RCA. Kipo kiunganishi cha DIN na RCA. Hakikisha tu unachonunua kimekusudiwa kuingiza muziki, kwa sababu tundu hilo moja hubeba pia nyaya za kurekodia. Kama una matundu makubwa ya XLR yenye pini 3, yaache kwa sasa. Ni mazuri kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa mfumo huo tangu mwanzo, na kicheza cha mfukoni kwa kawaida si kimoja wao.

Mwisho, tafuta milango ya namba. OPTICAL ni kitundu cha mraba chenye kifuniko kidogo. COAXIAL inafanana kabisa na RCA, ila iko peke yake, na mara nyingi ni ya rangi ya chungwa. Halafu kuna USB za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko sura yake. USB pana na bapa, aghalabu iko mbele ya mashine, husoma faili kutoka kwenye flashi. USB ya mraba, iliyoko nyuma, ndiyo mlango wa DAC: hapo amplifaya hupokea namba kutoka kwa simu au kompyuta inayocheza.

Hatua ya 2: Soma kicheza chenyewe

Tundu la milimita 3.5 ndilo maarufu. Katika vicheza maalumu vya muziki, tundu hilo hilo mara nyingi lina kazi mbili: ingia kwenye mipangilio utafute LINE OUT au LO. Ukiiwasha, kicheza hutoa umeme wa kiwango kisichobadilika, kwa kawaida karibu volti 2, ambacho ndicho kiwango cha mashine za CD. Baadhi hukwepa kabisa ile amplifaya ndogo. Vingine hufunga tu sauti kwenye kiwango kinachofaa. Vyovyote iwavyo, itumie.

Kama kuna tundu la milimita 2.5 au 4.4 kando yake, hilo ni la hedifoni zenye nyaya nne zinazojitegemea, mbili kwa kila sikio. Usilipeleke kwenye RCA kwa kiunganishi cha kuokoteza. RCA huunganisha upande hasi wa kulia na wa kushoto kwenye ardhi moja (yaani waya wa pamoja wa kurudishia umeme), na kwa mlango wa namna hiyo ni sawa na kupiga shoti amplifaya ndogo. Vimeungua vicheza vya bei mbaya kwa kosa hili.

iPod za zamani zina siri nzuri. Kuanzia 2003 zilikuja na tundu pana la pini 30 chini, na ndani ya pini hizo kuna LINE OUT halisi isiyopita kwenye kipimo cha sauti. Ukipata kizimba chake cha kuichomekea au waya wa LINE OUT, iPod ya miaka mingi iliyopita itaimba vizuri kuliko simu mpya iliyounganishwa kwa tundu la hedifoni. Tundu la Lightning lililofuata mwaka 2012 hutoa muziki kwa namba, hivyo waya wake lazima uwe na DAC ndani.

Simu zisizo na tundu la milimita 3.5 huhitaji kiunganishi cha USB-C. Hapa kuna mtego: baadhi ya viunganishi vina DAC ndani, vingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe kupitia USB-C, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Kikiwa kimya kabisa, tatizo ndilo hilo. Nunua chenye DAC. Ni kidude kidogo sana na kazi yake ni safi ajabu.

Hatua ya 3: Unganisha kwa waya wa kawaida

Waya unaouhitaji una plagi ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande mwingine. Angalia plagi hiyo: iwe na mistari miwili myeusi, yaani sehemu tatu. Ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Yenye mistari mitatu ni ya maikrofoni au ya video ya kamera, na hizo za video hazina mpangilio mmoja, kwa hiyo unaweza kupoteza upande mzima wa muziki.

Urefu wa mita 1 hadi 2 unatosha. Kuhusu nyaya za bei ya kutisha, maoni yangu ni kwamba plagi inayokaza na ngao nzuri dhidi ya mawimbi ya nje ndivyo vya kulipia. Zaidi ya hapo unalipia kisanduku.

Zima amplifaya, au angalau shusha sauti yake hadi sifuri. Chomeka RCA kwanza, kisha plagi ya milimita 3.5. Kuna sababu: plagi hiyo inapoingia, ncha yake hugusa kwa muda sehemu zisizo zake, na amplifaya iliyo wazi hupeleka mlio huo wote kwenye spika. Washa, chagua AUX au mlango uliotumia, cheza wimbo unaoufahamu, halafu pandisha sauti ya amplifaya taratibu.

Sasa ile sauti ya kicheza. Kama unatumia LINE OUT, huna la kufanya. Kama umelazimika kutumia tundu la hedifoni, usiiache chini ukafidia kwa amplifaya, kwa sababu utakuwa unakuza mchakacho. Ipandishe hadi mwisho, sikiliza sehemu ya wimbo yenye kelele nyingi, na ukisikia mkwaruzo rudi nyuma ngazi moja moja mpaka utoweke. Kwenye vicheza vingi inaangukia kati ya asilimia 80 na 100. Ukishaipata usiiguse tena. Kuanzia hapo sauti inaongozwa na amplifaya au rimoti yake.

Simu na vicheza vidogo hutoa kati ya nusu volti na volti 1, wakati mashine ya CD hutoa 2. Ndiyo maana utajikuta ukifungua amplifaya zaidi kuliko ulivyozoea. Hakuna ubaya, ila kumbuka kushusha kabla ya kurudi kwenye CD, la sivyo nyumba nzima itaruka.

Hatua ya 4: Au peleka namba zenyewe

Kama stirio yako ina USB ya mraba, au una DAC ya pembeni, hii ndiyo njia ninayoipenda. Simu inabaki na kazi moja tu ya kusoma faili. Kugeuza namba na kukuza sauti kunafanywa na vifaa vilivyojengwa kwa kazi hiyo, vyenye umeme wa kutosha na nafasi ya kutosha.

Simu ya USB-C inahitaji waya wa USB-C kwenda USB ya mraba, uliokusudiwa simu iwe mkuu wa mawasiliano. iPhone za Lightning zinahitaji kiunganishi cha kamera cha Apple; chagua chenye tundu la chaja, maana DAC nyingine hunywa umeme kuliko simu inavyokubali kutoa, na utaona ujumbe kwamba kifaa kinatumia nguvu nyingi mno. iPhone za kuanzia 2023 zina USB-C, shida hiyo imepungua.

Kwa upande wa Android kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa desturi mfumo huchanganya sauti zote za simu pamoja na kuzipeleka kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde, wakati muziki wa CD una sampuli 44,100. Namba zinapigwa upya njiani. Zipo programu za muziki zinazoshika mlango wa USB zenyewe na kuikwepa njia hiyo, na Android 14 ya mwaka 2023 iliongeza uwezo wa kufanya hivyo ndani ya mfumo. Kama DAC yako ina kioo kinachoonyesha kiwango cha sampuli, cheza faili ya CD uone: kikisema 44.1, namba zinafika kama zilivyo. Kikisema 48 kwa kila wimbo, kuna mtu anazigusa.

Baadhi ya vicheza hutoa namba kwa waya wa OPTICAL au COAXIAL. Kwa COAXIAL tumia waya wa omu 75. Waya wa OPTICAL hubeba mwanga, kwa hiyo usiukunje kwa kona kali, na toa vile vifuniko vya plastiki vya nchani. Unacheka, lakini vimewahi kunichelewesha nusu saa nzima.

Swali la haki: je, DAC ya stirio ni bora kuliko ya kicheza daima? Hapana. Stirio ya miaka mingi yenye DAC ya kizamani inaweza kushindwa na kicheza kipya cha muziki chenye LINE OUT nzuri. Unganisha kwa njia zote mbili, linganisha sauti ziwe na ukubwa sawa, sikiliza. Ukubwa ukitofautiana kidogo tu, sikio litachagua inayopiga zaidi na kuiita bora.

Kuhusu ile USB bapa ya mbele: kicheza kitasomwa pale tu kikijitambulisha kama flashi. Simu nyingi za siku hizi hazifanyi hivyo, na amplifaya itaandika kwamba hakuna kifaa. Kama unataka kuitumia, nakili nyimbo kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 na uiache simu mfukoni.

Bila waya

Nitapita haraka hapa. Bluetooth ni rahisi, na kipokezi kidogo kinachochomekwa AUX kinatosha. Gharama yake ni kwamba muziki unakandamizwa, kwa mbinu zenye majina kama SBC, AptX HD, LDAC na AAC. CD ina kilobiti 1,411 kwa sekunde. SBC, ambayo kila kifaa kinaijua, kwa kawaida haizidi kilobiti 328 au karibu na hapo. AptX HD ni 576. LDAC hufika 990 hewa ikiwa safi na vifaa vikiwa karibu. iPhone hutumia AAC, kwa hiyo kuinunulia kipokezi cha LDAC ni kutupa fedha. Kama una mtandao wa Wi-Fi na stirio au kipokezi chake kinaupokea, pendelea huo. Una nafasi ya kutosha kubeba muziki wa CD bila kuukata.

Kwa karamu, Bluetooth. Kwa kukaa na kusikiliza, waya.

Mvumo, milio na kelele nyingine

Unaunganisha kila kitu vizuri, kisha unasikia mvumo mzito usioisha, hata wimbo ukiwa umesimama. Kabla hujafanya chochote, chomoa chaja ya kicheza. Niliwahi kubadilisha nyaya tatu na kukaribia kuipeleka amplifaya kwa fundi, kumbe ilikuwa chaja.

Sababu ni hii: kicheza kikiwa kwenye betri, njia yake pekee ya kufika ardhini ni waya wa muziki. Kikiwa kwenye chaja au kompyuta, kinapata njia ya pili kupitia umeme wa ukutani. Njia mbili zinafanya mduara, na umeme mdogo unaozunguka humo unasikika kama mvumo wa hezi 50 au 60, kulingana na umeme wa nchi uliyopo. Dawa ni kusikiliza kwa betri, au kuchomeka chaja na amplifaya kwenye soketi moja ya ukutani, au kuweka katikati ya waya kile kikasha chenye transfoma ndogo kinachotenganisha ardhi. OPTICAL haina ugonjwa huu, kwa kuwa mwanga haubebi umeme. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Pini ile ipo kulinda maisha yako.

Mlio wa "di-di-di-dit" kabla simu haijaita ni redio ya simu inayoingia kwenye amplifaya. Weka simu katika hali ya ndegeni. Pamoja na hayo, hutasikia mlio wa ujumbe ukipasuka kwenye spika kubwa katikati ya wimbo wa taratibu. Upande mmoja ukiwa kimya, badilisha RCA zake mahali: ukimya ukihamia spika nyingine, kosa liko kwenye waya au kicheza, ukibaki pale pale, liko kwenye amplifaya au spika.

Mipangilio na faili

Zima ikwalaiza, kiongeza besi, na kila kitu kinachodai kuifanya sauti izunguke kichwani. Vyote hivyo viliwekwa kuzisaidia hedifoni ndogo, na kwenye spika kubwa vinaharibu. Angalia pia kama kuna kikomo cha sauti kilichowekwa kulinda masikio. Kikiwa kimewashwa, tundu la hedifoni halitatoa umeme wake wote.

Halafu stirio nzuri haifichi aibu. MP3 ya kilobiti 128 iliyokufaa ndani ya gari itafichuka hapa: matoazi yatasikika kama maji yanayomwagika. Anza na kilobiti 320, au FLAC, aina ya faili ambayo haipotezi chochote na mara nyingi huchukua kama nusu ya nafasi ya faili ghafi. Kuigeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Rudi kwenye CD yenyewe uinakili upya.

Ukimaliza kusikiliza, shusha sauti ya amplifaya kabla ya kuchomoa plagi. Na kabla hujachomeka hedifoni, zima LINE OUT na urudishe sauti ya kicheza chini kabisa, maana umeiacha pale juu, na sasa kinachofuata ni masikio yako.